Poda ya Kutoa Madini

Neno lenyewe ndilo lililoanza kuwavuruga. Daktari wa kituo cha afya, mama mmoja mfupi aliyechoka tangu asubuhi, aliisoma karatasi ya maabara mara mbili, akavua miwani, akasema, "Mtoto ana risasi kwenye damu. Tena nyingi."

Bibi yake mtoto, aliyekuja kusindikiza, alipiga ukelele uliogeuza shingo za foleni nzima kule nje. "Risasi! Nani kampiga mjukuu wangu?" Akamvuta mtoto, akaanza kumpapasa mgongoni, mbavuni, mapajani, akitafuta tundu.

"Si risasi ya bunduki, mama," daktari alisema. "Ni risasi ile madini. Ile nzito iliyomo kwenye betri za magari."

 Hakuna aliyehitaji kuuliza mtoto kaipata wapi. Baba yake alikuwa fundi betri, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu kana kwamba mafundi wengine walikuwa wanacheza. Alipasua betri zilizokufa, akatoa sahani zake, akaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu nyuma ya nyumba, kisha akamimina upya. Mtoto alipenda kuchuchumaa pale kando, akiokota matone yaliyoganda, yanang'aa, akiyapanga kama sahani za wanasesere.

"Heri ingekuwa ya bunduki," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Ile angalau unaona ilipoingilia."

Mtoto waliyemleta walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua maneno mawili hakuwahi kuyaacha yapumzike. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na cherehani ya mama yake. Miezi ya karibuni alikuwa amenyamaza. Alikaa kizingitini akitazama miguu yake. Ukimuuliza jambo alikuangalia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ndiyo maana wakamleta.

Daktari alisema mengi, na aliyasema haraka, maana foleni ilikuwa ndefu. Jiko la kuyeyushia lihamishwe. Nguo za kazi zisiingie ndani. Mtoto anawe mikono kila mara. Apewe maziwa. Arudishwe apimwe tena, na kama risasi itapanda, wamkimbize hospitali kubwa. "Halafu damu yake ni haba," alimalizia, akiandika. "Amepungukiwa madini. Nampa dawa ya maji, ya madini ya chuma. Mwili wenye njaa ya chuma huinyonya risasi kwa pupa, umenielewa, mama?"

Mama Chiriku alijibu ameelewa. Ukweli ni kwamba alikuwa amesikia mambo mawili yanayopigana: mtoto amejaa madini, na mtoto amepungukiwa madini. Alitaka kuuliza. Lakini mgonjwa aliyefuata alikwisha kushika kitasa cha mlango, na nani anataka kuonekana mjinga mbele ya kalamu inayokimbia namna ile? Akachukua chupa, akaaga.

Nyumbani alimweleza mumewe, akijiandaa kwa ubishi. Fundi alikuwa mtu wa kubisha hata ukimwambia kumekucha. Siku hiyo hakubisha. Alisikiliza, akaenda nyuma ya nyumba, akabeba jiko, sufuria na magunia ya betri akavipeleka karakana ya rafiki yake ng'ambo ya barabara kuu. Alirudi amevaa fulana ya kuazima, akapita pembeni ya mtoto bila kumgusa. Hapo ndipo mkewe alipoogopa hasa. Kama Fundi hakubisha, basi jambo hili lilikuwa kweli.

Tangu hapo hofu ikahamia mle ndani kama mpangaji asiye na mkataba. Mama Chiriku alifua mapazia. Alisugua sakafu mpaka simenti ikaanza kumeguka. Ovaroli za mumewe, alizokuwa akizikung'uta mlangoni kila jioni miaka yote, vumbi likimwingia mtoto puani, sasa hakuweza kuzitazama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa amekipiga pasi na kukikunja.

Alimpa mtoto dawa ya maji ya madini ya chuma kama alivyoagizwa. Kisha, siku chache tu baadaye, akamsafisha mtoto chooni akaona choo chake ni cheusi, cheusi tii, kama oili chafu ya gari.  Akakaa chini palepale, mtoto kamshika begani.

Angerudi kituoni wangemwambia: dawa ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, ni kawaida, endelea. Ni sentensi moja. Lakini hakurudi kituoni. Alimwambia jirani yake, Mama Pacha, na Mama Pacha, aliyekuwa na jibu la kila kitu isipokuwa la wanawe wawili kupigana, akamshika mkono. "Twende kwa Mshauri. Yeye anaona mpaka ndani ya mfupa."

Mshauri wa Afya alikuwa na ofisi ghorofani, juu ya duka la simu. Palikuwa na zulia, feni, na picha kubwa ya mtu aliyechunwa ngozi, mishale myekundu ikimchoma kila kiungo. Mezani palikuwa na kompyuta na kijiti cha chuma kilichofungwa waya. Mshauri mwenyewe alinukia vizuri. Aliinuka kuwapokea, akawapa maji baridi, akamuuliza mtoto anaitwa nani, akacheka jina lilivyo zuri. Hakuwa na foleni. Tuseme haki: mtu aliyeogopa akipewa kiti, maji na sikio, ataliamini hata bango la mlangoni. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, seuze mama mwenye mtoto mgonjwa.

Chiriku alishika kijiti. Kompyuta ikalia ti-ti-ti, ikajaa alama nyekundu.

"Madini mazito," Mshauri alisema, akitikisa kichwa kwa huruma. "Ini, figo, ubongo. Kila mahali. Hospitali wamekupa nini, dada yangu?"

"Dawa ya madini ya chuma."

 Mshauri alimtazama Mama Pacha, kisha akamtazama Mama Chiriku. "Dada. Mtoto amejaa madini, halafu wanamwongeza madini? Nyumba inaungua, wewe unaletewa mafuta ya taa?"

Mama Chiriku alihisi kitu kikifunguka kifuani. Ndilo swali lake! Ndilo hasa aliloshindwa kuliuliza kule kituoni, na hapa mtu alikuwa ameliuliza kwa niaba yake, tena kwa utaratibu. Akaeleza habari ya choo cheusi. "Si unaona?" Mshauri alisema. "Chuma hicho. Kimemjaa mpaka kinafurika."

Alimpa kopo jeupe lenye picha ya jani na tone la maji. Ndani mlikuwa na poda ya kijivu, laini kama unga wa ngano. Kirutubisho, alisema. Udongo uliotakaswa, wa asili kabisa, hauna kemikali hata chembe, unavuta madini yote na kuyatoa mwilini. Kijiko kimoja asubuhi kwenye maziwa. "Halafu nisikilize vizuri. Akilalamika tumbo, usiogope. Akitapika, usiogope. Sumu ikitolewa haitoki kimyakimya, lazima ipige kelele. Wengi huacha hapo, karibu na kupona. Na hawa wa hospitali usiwaambie, hawapendi dawa wasiyoiandika wao."

Jioni ile akaimimina dawa ya chuma kwenye sinki. Asubuhi akakoroga poda. "Fungua mdomo, mama," alimwambia mtoto. "Hii ni dawa ya kutoa madini." Chiriku akafungua, akameza, akaramba midomo. Ilikuwa na utamu kidogo.

Siku chache tu choo kikarudi rangi yake. Mama Chiriku alikaribia kulia kwa furaha. Bila shaka kilirudi, dawa iliyokitia weusi ilikuwa imekwenda na maji ya sinki. Lakini yeye aliona jambo moja tu, kwamba poda inafanya kazi. Akampigia Mshauri kumshukuru. Akalala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza.

Kisha tumbo likaanza. Chiriku alijikunja kama jongoo akalia bila sauti, meno yameumana. Alikataa mkate, alikataa hata sukari. Alitapika maziwa. Alijikwaa kizingitini alikopita tangu ajue kutambaa, akaanguka kifudifudi, na alipoinuliwa alitazama huku na huku kama mgeni. Mama yake alimpigia Mshauri simu.

"Hongera!" Mshauri alisema. "Hiyo ndiyo safari yenyewe. Sasa ongeza, viwe vijiko viwili."

Akaongeza. Moyo wake ulikataa, mkono ukaongeza. Maana mtoto akizidiwa, ilikuwa ishara ya kupona, na akipata nafuu, ilikuwa ishara ya kupona pia. Mshauri alikuwa ameziba njia zote, hakumwachia hata mlango mmoja wa kutokea. Na kila alipoanza kushuku, hofu nyingine ilimrudisha: je, kama ni kweli wengi huacha karibu na kupona? Je, kama yeye ndiye atakayemuua kwa kuacha?

"Ile dawa ya hospitali anakunywa?" Fundi aliuliza siku moja, amesimama mlangoni, maana siku hizi alizoea kusimama mlangoni.

"Anakunywa."

"Mbona amekonda hivi?"

"Dawa kali," alisema, akaendelea kushona. Hakuwahi kumdanganya mumewe, na hakujua kuwa uongo una uzito wa aina ile, kwamba utaubeba ukipika, utaubeba ukiosha vyombo. Bibi naye alikuwa akimtazama mkwewe kwa jicho la pembeni, akihesabu tasbihi.

Ilitokea mchana kweupe. Mama Chiriku alikuwa akishona sare ya shule ya mtoto wa watu, na Chiriku kakaa miguuni pake akichezea vipande vya kitambaa. Mkono wa mtoto ukaanza kucheza. Mama alidhani ni mchezo. Kisha mguu. Kisha mtoto mzima akakakamaa, akaanguka ubavu, macho yakageuka meupe, povu likamtoka, visigino vikipiga sakafu, ko, ko, ko. Cherehani ilikuwa bado inazunguka.

Alipiga kelele ambayo hakuitambua kuwa yake. Bibi alikuja mbio na kijiko cha kumtia mtoto mdomoni, majirani waliokusanyika wakamnyang'anya. Mama Pacha alikuja akasimama mlangoni, mikono kichwani, akarudi nyuma. Fundi alivuka barabara kuu bila kutazama kushoto wala kulia. Karakanani palikuwa na gari la mteja lililoletwa kwa ajili ya betri. Alilichukua bila kuomba ruhusa, akalileta mpaka mlangoni likikwaruza ukuta.

"Ingia!" alipaza sauti.

Mama Chiriku alikuwa na mtoto mikononi, ameshalegea sasa, anapumua kwa kukoroma. Lakini pale mlangoni alisita. Kopo lilikuwa rafuni, nyuma ya sukari. Akilichukua, Fundi atajua. Asipolichukua, daktari hatajua. Alisimama pumzi moja tu, na pumzi hiyo atakuja kuijutia maisha yake yote. Kisha akalichopoa, akalificha chini ya mtandio.

Hospitali kubwa ilimpokea mtoto mbiombio. Wakamchoma sindano ya kuzuia degedege, wakamwekea hewa, wakamtoa damu. Wazazi wakaambiwa wakae kwenye benchi la korido. Baadaye akaja daktari, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, na karatasi ya majibu mkononi.

"Risasi imepanda mno," alisema. "Imefika kwenye ubongo. Anatumia dawa gani?"

"Ile ya madini ya chuma, ya kituo cha afya," Fundi alijibu.

"Na bado mnayeyusha nyumbani?"

"Nilihamisha siku ileile."

"Mzee, damu haidanganyi. Kuna mahali inaingilia, na inaingia kila siku."

Fundi alifungua mikono yake akaitazama. Kucha zilikuwa nyeusi kwenye mizizi, weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. "Basi ni mimi," alisema. "Ni hii mikono. Naiosha karakanani, naiosha tena nje ya nyumba, simgusi mtoto, naapa simgusi, hata kumbeba nimeacha. Lakini itakuwa ni mimi tu. Daktari, niambie niondoke nyumbani, nitaondoka leo." Akaanza kulia, kile kilio cha mwanaume ambaye hajui kinaanzia wapi, na watu wa benchi la pili wakageuza nyuso.

Mama Chiriku alisikia kopo likimkata ubavuni. Angeweza kunyamaza. Mumewe alikuwa amekwisha kulibeba jambo lote na hakuna ambaye angemuuliza tena. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, hata kuliko mchana ule sakafuni, maana kule aliogopa kifo na hapa aliogopa kujulikana.

"Si yeye," alisema. Akalitoa. "Ile ya chuma niliimwaga. Nimekuwa nikimpa hii. Ni ya kutoa madini."

 Fundi alisogea kwenye benchi, kidogo tu, kiasi cha mtu mwembamba kukaa katikati yao.

Daktari alifungua kopo, akatazama, akaondoka nalo. Aliporudi hakukaa. "Tumepima. Ina risasi."

"Ni ya kutoa risasi," alisema Mama Chiriku, kama mtu anayemsahihisha.

"Ina risasi ndani yake, dada. Kuna udongo unaochimbwa ukiwa na risasi tayari. Ulikuwa ukimlisha risasi kwa kijiko."

 Alijishika kwenye ukuta. "Lakini walisema amejaa madini," alisema, "halafu wakasema wampe madini. Nilidhani wamekosea."

Daktari, kwa mara ya kwanza, akakaa. "Nani alikueleza tofauti yake?"

"Hakuna."

"Uyoga wa kula ni uyoga, na uyoga wa kuua ni uyoga. Na madini ni hivyohivyo. Chuma ni cha kula. Risasi ni ya kuua." Alipumua. "Ilikuwa kazi yetu kukwambia."

Kisha akasema watakachofanya. Watamwekea dawa ya mshipani. Dawa hiyo itaishika risasi na kuitoa mwilini kwa mkojo.

Mama Chiriku aliyarudia moyoni. Itaishika na kuitoa mwilini. Yalikuwa maneno yaleyale, yamevaa koti jeupe. "Ni ya asili?" aliuliza, na alijua swali ni la kipumbavu hata kabla halijamtoka.

"Hapana. Ni kemikali, tena kali. Inaweza kuumiza figo, kwa hiyo tutazipima kila siku."

"Atapona?"

"Nadhani ataishi. Kuhusu akili, maneno yake, shule..." Daktari alizungusha kalamu vidoleni. "Sijui. Naweza kukwambia nitajaribu. Siwezi kukwambia najua."

Mshauri alijua kila kitu. Katika siku zote zile hakuwahi hata mara moja kusema hajui. Mama Chiriku alilishika neno hilo baya la 'sijui', akaona ndilo pekee alilopewa ambalo lingeweza kuubeba uzito wake. "Mwekee," alisema. Fundi aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama.

Chiriku alikuwa ameamka mama yake alipoingia wodini. Alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile, midomo imekauka, macho mazito. Muuguzi alikuwa akiandaa sindano, na mtoto alipoiona akaurudisha mkono chini ya shuka, akaanza kutetemeka.

"Ongea naye wewe," muuguzi alimwambia mama. "Hana imani na sisi. Wewe anakuamini."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi ambayo alikuwa akiyangoja. Aliinama, akaweka shavu lake kwenye paji la uso la mtoto. Alitafuta kitu cha kusema kisichokuwa uongo, na kila alichokigusa alikuwa amekwisha kukisema mbele ya kikombe cha maziwa. Hakupata kingine.

"Ni dawa, mama," alisema. "Ya kutoa madini."

Mtoto aliacha kutetemeka. Alimtazama mama yake, akatulia, na mkono ukatoka polepole chini ya shuka. Kisha akafumba macho, akafungua mdomo wazi kabisa, akangoja kijiko.